Bibi Maendeleo na Chakula cha Wanawake

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akila maini mbele ya wanaume aliyala huku amebana pumzi. Nilikuwa nimekaa karibu naye mkekani, nikaona jasho linavyomtoka juu ya mdomo. Hakuyapenda maini hata kidogo. Harufu yake ilimchefua tangu utotoni, aliniambia baadaye, lakini siku ile alitafuna vipande vitatu, akanywa maji, kisha akawageukia wazee waliosimama mlangoni mwa ofisi ya kijiji.

"Mmeona," akasema. "Sijafa, na nchi haijapinduka. Mama Kabula, chukua na wewe."

Mama Kabula ni mimi. Nilichukua. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto mmoja mgongoni, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa hatua nne tu kutoka pale, akinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia shambani.

Tulimwita Bibi Maendeleo kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake. Serikali ilimleta kijijini kwetu, upande wa Masumbwe, aje awafundishe wanawake kusoma, kushona, kunawa na kupika. Jina lake lilikuwa kwenye faili ofisini na sikumbuki kulisikia likitamkwa. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo hakuwa Mama Fulani, na kwetu mwanamke asiye Mama Fulani unashindwa hata kumwamkia vizuri. Cheo kilimwokoa. Alikuja mwaka ule tuliohamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, na mvua ikakataa kunyesha. Alikaa nasi miaka tisa. Nitaeleza habari zake zinavyonijia, maana nikijaribu kuzipanga zinanikimbia.

Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, mwenye Kiswahili kilichonyooka na Kisukuma cha kuchekesha. Alisalimia "mwangaluka", yaani habari za asubuhi, hata jua likiwa linazama. Vikongwe walimwitikia huku wakicheka ndani ya vitenge vyao. Akikosolewa alijibu, "Nyinyi ndio mmechelewa kuamka." Alitembea kwa haraka, mwili mbele, kama aliyesahau kitu jikoni, na alivaa khanga safi hata wakati sabuni ilipoadimika na sisi tukafulia majivu. Hakuwa mpole. Watu wakisimulia habari za marehemu hupenda kumpa upole ambao hakuwa nao, na mimi sitamfanyia hivyo. Aliwahi kumnyang'anya mwanamke mchi mkononi mbele ya wakwe zake, na hakuomba radhi.

Ugomvi wake na kijiji hauelewiki mpaka ujue tulivyokuwa tukila. Wanaume walikula nje, kwenye moto wao, shikome. Chakula kilianzia huko: ugali mweupe, nyama ikiwapo, maini, firigisi. Walifuata watoto wa kiume. Wanawake tulikula mwisho, jikoni, tumechuchumaa. Tulikula ukoko na mchuzi uliobaki, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo tuliyachemsha kwa magadi mpaka yakalegea kabisa, kisha maji yake tukayamwaga. Mahindi tuliyaloweka, tukayatwanga, tukayaosha mpaka yakawa meupe pee, pumba tukawatupia kuku. Mayai hatukula, maana mtoto angezaliwa bila nywele. Na hakuna aliyetushikia fimbo. Tulijinyima wenyewe na tukajisifu kwa kujinyima. Mke mwema alijulikana kwa kukuta sufuria tupu na kunyamaza.

Bibi Maendeleo aliyakuta hayo akayavamia. Alikuwa na daftari la semina, lenye gamba la kijani, na ndani yake kulikuwa na kitu alichokiita vitamini bii. Kimo kwenye pumba ya mahindi, alisema, kwenye maharage na karanga, kwenye majani mabichi na maji yake, kwenye mayai na maini. Vikongwe walilichukua neno wakamfanya bii kuwa mtu. "Leo bii yumo?" wangeuliza wakifunua chungu. Naye angejibu, "Yumo, ila mkitia magadi atakimbia. Magadi ni mwizi." Halafu angewaonyesha kuku wanaodonoa uani. "Tazameni walivyonona. Bii mnawapa kuku, nyinyi mnakula weupe."

Mimi nina sababu ya kumwamini. Baada ya kumzaa Kabula, pembe za mdomo wangu zilipasuka, ulimi ukawa mwekundu na laini, ukiwasha kama nimelamba pilipili. Nyayo ziliwaka moto hata nikizitia majini. Mama mkwe alisema ni jicho la mtu. Bibi Maendeleo aliufungua mdomo wangu kwa vidole vyake viwili, akauchungulia, akasema, "Hii ni njaa, mwanangu. Njaa ya mtu anayepika kila siku." Akaniagiza nile dona, ugali wa unga usiokobolewa, na maharage, na yai moja kila nikipata. Mayai niliyala nyuma ya ghala, nikafukia maganda. Haikupita miezi miwili mdomo ukafunga. Nilipojifungua tena, mtoto alitoka na nywele zimejaa kichwa kizima. Mama mkwe alizipapasa kwa kiganja, mbele na nyuma, akanirudishia mtoto.

Lakini midomo na nyayo havikutosha kukibadilisha kijiji. Wanawake walisikiliza, wakaitikia "wabeja, Bibi", asante, halafu wakaenda nyumbani kula ukoko. Kilichowageuza ni woga.

Kulikuwa na ugonjwa wa tumbo uliokuwa ukichukua wanawake. Ulianza kwa kiungulia. Halafu mtu akashiba kwa matonge mawili, akakonda, akatapika vitu vyeusi, akafa. Watu walisema amerogwa. Mdogo wake mama mkwe wangu alikufa hivyo. Siku moja darasani Bibi Maendeleo alifunga daftari lake, akatuambia kwamba mama yake alikufa hivyo, na dada yake mkubwa hivyo hivyo, na kwamba wote wawili walikula ukoko maisha yao yote. Hiyo ni kansa ya tumbo, alisema. Kisha akainua kidole. "Anayekula bii, tumbo hilo halimpati. Nimemaliza."

Mama mkwe wangu, ambaye mpaka siku ile alikuja darasani kunilinda tu, ndiye aliyeuliza wa kwanza, kwa sauti ndogo, "Na sisi wazee? Tumekwisha chelewa?"

"Mayu, hujachelewa," Bibi akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma chake kibovu. Mwaka huo huo kikaanza chungu cha Alhamisi.

Chungu cha Alhamisi kilikuwa hivi. Darasa la wanawake lilipika pamoja uani kwa ofisi, dona na maharage na mchicha wenye maji yake, na tulikula hapo hapo, tumekaa na si kuchuchumaa, saa ile ile ambayo wanaume walikuwa shikome wakingoja chakula chao. Aliichagua saa hiyo makusudi. Muuza nyama, mzee mmoja Mwislamu aliyemwogopa Bibi kuliko alivyomwogopa mwenyekiti, alimwekea nusu ya maini kila alipochinja. Wanaume walinuna. Mume wangu alikuwa mchimbaji wa kubahatisha huko Geita, akishuka na kurudi kadiri ardhi ilivyomtaka. Safari moja alirudi akakuta firigisi nimekwisha kula. Alifunua sufuria, akaifunika, akauliza, "Sasa mimi nile nini, kucha?" Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Baadaye na yeye akacheka, lakini hakuzoea.

Bibi alikuwa na misemo yake. Maji ya mboga hayamwagwi. Anayepika na njaa anapika hasira. Na ule ambao kila mtu anaujua, mficha maradhi kifo humuumbua, huo alikuwa akiwatupia wanawake waliokuja darasani wakikohoa chini chini au wakificha damu isiyokatika. Aliwaburura wangapi mpaka zahanati sijui. Mmoja alimburura kwa mkono barabara nzima, mwanamke akilia kwa aibu, na leo mwanamke huyo ana wajukuu.

Sasa niseme na upande wa pili. Mtu huyu aliyetufokea tule, mwenyewe alikula kidogo sana. Mwaka ule wa njaa, tulipogawiwa unga wa yanga, ule wa njano uliotoka ng'ambo, mgao wake uliishia kwa wenye watoto, na mara mbili nilimkuta anakunywa chai kavu saa ya chakula. Nilipomuuliza alisema ameshakula. Alitufundisha kutojinyima na akajinyima. Alituambia tusisingizie kushiba, na yeye akawa bingwa. Wanawake wabaya wa kijiji walisema tumbo lake halikuzaa kwa sababu ya mayai. Alilisikia hilo. Alhamisi iliyofuata alimenya yai mbele yao polepole, akalila lote, akajifuta mikono. Nilimwona macho yalivyokuwa, na nikajua kwamba lile yai halikupita kooni kirahisi.

Mwaka wa nane khanga zake zilianza kumzunguka mara mbili. Tulisema ni kazi nyingi. Alhamisi alikula nasi kama kawaida, halafu akawa na shughuli nyuma ya ghala la ushirika. Siku moja, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu wanapanda, nilimfuata kumwomba ufunguo wa kabati. Nilimkuta amepiga magoti, mkono mmoja ukutani, anatapika kile alichokila mbele yetu. Pembeni yake kulikuwa na kikombe, na kwenye fundo la khanga yake kulikuwa na bonge la magadi.

Magadi. Yule mwizi. Kwetu mtu mwenye kiungulia huyakoroga kwenye maji akanywa, akacheua, akapoa kwa saa moja. Kila mwanamke kijijini alifanya hivyo, na yeye ndiye aliyetukataza, alituambia yanatuliza maumivu na kuuacha ugonjwa ukiendelea na kazi yake.

"Tangu lini, Bibi?" nikamuuliza.

"Kiungulia tu."

"Tangu lini?"

Akafuta mdomo. "Tangu mavuno."

Nikahesabu moyoni. Miezi mitano. Nikamwambia msemo wake mwenyewe, ule wa mficha maradhi, nikidhani nitamchoma. Alinitazama bila hasira. "Huo niliwatungia nyinyi," akasema, ingawa hakuutunga yeye. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Nikienda hospitali ya Kolandoto nikarudi na jina la ugonjwa ule, Alhamisi imekufa. Mama mkwe wako atasema nini? Amekula bii miaka minane kwa ajili ya tumbo. Watasema, ‘Mwenyewe aliyetufundisha limempata.’ Watarudi kwenye ukoko siku hiyo hiyo, na safari hii hakuna atakayewatoa."

"Na wewe?"

"Mimi nina magadi yangu."

Akaniapisha kwa kichwa cha Kabula nisiseme. Nikaapa. Nikakaa na neno hilo tangu kupanda mpaka palizi, mpaka mahindi yakabeba, nikimwona kila Alhamisi akitafuna mbele yetu na kutabasamu, na mimi nikimpokea sahani. Nilijiambia namheshimu. Kusema kweli nilikuwa mwoga, na tena nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Hilo ni langu. Simsukumii mtu mwingine.

Aliyevunja ukimya ni mama mkwe wangu, mwanamke ambaye Bibi alikuwa akijificha kwa ajili yake. Alhamisi moja aliweka sahani chini katikati ya chakula.

"Nimemuuguza mdogo wangu miezi saba," akasema. "Mnadhani siijui harufu ya tumbo hilo? Mtu huyu anakufa mbele yetu na nyie mnamwimbia nyimbo." Akasimama, akamwendea Bibi Maendeleo, akamshika mkono jinsi yeye alivyowahi kuwashika wengine. "Twende, binti yangu." Kesho yake alimpandisha lori la pamba, akakaa naye nyuma juu ya magunia mpaka Shinyanga, na kutoka pale mpaka hospitali ya misheni Kolandoto. Mimi nilibaki nimesimama barabarani, na mama mkwe hakuniaga.

Nilimwona mara moja zaidi. Alikufa siku tisa baada ya siku hiyo, na walimzika Shinyanga mjini watu wa dini yake, mchana, bila mimi kuwepo.

Nilifika Shinyanga kwa basi jioni, nikalala kwa shangazi yangu, nikapika nao na kuwapakulia kama mgeni mwanamke anavyotakiwa, na asubuhi nikakoroga uji wa dona na karanga, nikautia kwenye chupa ya chai, nikashika njia ya Kolandoto. Alikuwa kitanda cha dirishani. Mwili wake haukuinua shuka. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia "marahaba" kwa sauti ile ile ya darasani, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi, maana sauti ilikuwa haijakonda.

"Daktari amesema wakifungua hawatapata pa kukata," akaniambia kabla sijauliza. "Ningekuja mapema, huenda. Analipenda sana neno hilo, huenda." Akavuta shuka kifuani. "Alhamisi ipo?"

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikamtazama, nikashindwa.

"Wiki ya kwanza tulipika. Ya pili tukawa kumi. Juzi tulikuwa wanne."

"Wanasema nini?"

"Wanasema bii hakukusaidia wewe, atatusaidia sisi?"

Aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na wanawake wanapikia wagonjwa wao, moshi umewafunika. Alipozungumza tena hakunitazama.

"Kwenye semina ile nilimuuliza daktari. Nilimwambia habari za mama na dada, nikamuuliza, ni chakula? Akaniambia, huenda chakula kinachangia, wataalamu bado hawajakubaliana, usiahidi watu. Niliandika yote kwenye daftari. Hata ile ‘huenda’ niliiandika. Halafu nilipokuja kwenu nikairuka."

Nikahisi hasira inapanda, hasira ya kweli, kwa mtu aliyelala vile. Nilifikiria miaka minane ya wanawake kula kwa kuogopa kifo, na yeye nyuma ya ghala anailinda ahadi ambayo hakupewa na mtu. Nikamuuliza, "Kwa nini hukutuambia tu tule kwa sababu tuna njaa?"

Ndipo akanigeukia. "Ungekula?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajikumbuka nilivyokuwa, mke mchanga, midomo imepasuka, nikiyafukia maganda ya mayai nyuma ya ghala kama mwizi.

"Nisingekula," nikasema.

"Basi."

Hakulisema kwa kunishinda. Alichoka tu. Nikafungua chupa, nikamimina uji kwenye kifuniko, nikampelekea mdomoni. Harufu ilipomfikia alifumba macho na kutikisa kichwa. Nikaurudisha. Tukakaa hivyo, kifuniko mkononi mwangu, uji unatoa mvuke, na sikujua niuweke wapi.

"Umekula nini tangu jana?" akaniuliza.

"Kwa shangazi walikuwa wengi."

"Sikukuuliza walikuwa wangapi. Una njaa?"

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na watoto wanne, nimepika maelfu ya vyungu, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu, kwa mume wala kwa mama yangu mzazi. 

"Nina njaa, Bibi," nikasema.

"Basi kunywa. Kunywa mimi nikuone."

Nikanywa kifuniko cha kwanza, nikamimina cha pili, na cha tatu, mpaka chupa ikaisha. Uji ulikuwa mzuri. Wagonjwa wa vitanda vya pembeni walitazama wakinong'ona, maana ni aibu kubwa kumalizia chakula cha mgonjwa mbele ya macho yake, na yeye hakuondoa macho yake kwangu hata mara moja.